Siku Niliyomwombea Kaka Yangu Mahakamani

Marahaba, mjukuu wangu Nyanzobe. Hapa Mwakitolyo tu wazima, mvua imetukumbuka, na ng'ombe wa mama yako amezaa mtamba.

Umeuliza kama rafiki yako anaweza kumrudisha nyumbani mdogo wake, aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa amri ya mahakama. Anaweza. Mimi nilimrudisha babu yako Masanja.

Nilikuwa binti bado. Kaka yangu huyo alikuwa akichimba dhahabu Rwamgasa, akaugua akili, mahakama ikaamuru alazwe. Ya siku zile tuyaache. Daktari alipoona amepata nafuu, alisema anaweza kutoka, lakini ukoo ulimwogopa. Nikaenda mimi kumwombea.

Hakimu akaniuliza, "Akiugua tena utafanyaje?"

Nikamjibu, "Nitamrudisha kwa daktari, mheshimiwa. Akipona, nitakuja tena hapa kumwomba."

Akamgeukia Masanja. "Na wewe unasemaje?"

"Naomba nikalime kwetu," akajibu taratibu.

Muda wote ule sisi ndio tuliokuwa tukimsemea. Sikuwa nimejua nilivyoikosa sauti yake.

Tulitoka pamoja. Aliwahi kuugua tena, nikamrudisha hospitali, akapona. Leo unamjua kwa ubishi wake tu.

Mwambie rafiki yako aende na maoni ya daktari, ila mdogo wake apewe nafasi ya kujisemea. Nimemweleza babu yako habari za kijana huyo. Amesema, "Aende upesi. Kule mtu hushinda akitazama mlango."

Bibi yako anayekupenda,
Ng'wasi