Mkoba wa Kira Siku

Kulwa, rafiki yangu,

Kukuuliza hali siwezi, na wewe ungeniuliza ningekudanganya, basi salamu tuziache. Nina wivu. Nimeona nikuambie wewe mwenyewe, maana nikimwambia mtu hapa Mabatini atasema Sabina ameanza kuchanganyikiwa, anamwonea wivu maiti.

Tangu tukuzike Kisesa, ule mkoba wetu wa begani umeota miguu. Wauguzi wanaubeba, walimu wanaubeba. Juzi nimeuona kwa mama muuza dagaa, umejaa vitunguu, nikafurahi mpaka nikamsimamisha. Akaniambia, "Huu ni wa yule marehemu msanii. Alikuwa na kipaji yule!" Nikasema ndiyo, alikuwa nacho. Nikaondoka nimenuna.

Kipaji ulikuwa nacho, sibishi. Ni wewe uliyechora umbo lake kwa chaki kwenye sakafu ya chumba changu cha kushonea, na rangi ni zako. Lakini mkanda je? Uliutaka mwembamba ili upendeze. Ukaweka samaki wawili ndani, sato wazito, ukazunguka nao sokoni, ukarudi umeshika bega: "Sabina, unanikata!" Nikaufumua. Mara tatu niliufumua, ukinigombeza kila mara, mpaka ukakaa. Sasa hakuna anayeusifu, kwa sababu mkanda ukiwa mzuri mtu anausahau.

Hayo ningeyameza. Kilichonimaliza ni arobaini yako. Doto, pacha wako, alisimama mbele ya ndugu, akainua mkoba, akasoma yale maneno ya ubavuni: KIRA SIKU. Akasema uliandika hivyo makusudi, kumkumbuka bibi yenu wa Bujora, ambaye l na r kwake zilikuwa kitu kimoja. Watu wakalia. Na mimi nililia, ila kwa hasira.

Kulwa, lile kosa ni langu! Ulinipigia simu ukasema nikate maneno "kila siku" kwenye kipande cha boksi, ili ukija upitishe rangi juu yake. Nikakata nilivyosikia kwa sikio langu la Ukerewe. Wewe ukapaka mikoba kumi na miwili bila kuona kitu, maana nawe ni walewale. Aliyetuumbua ni mwalimu mmoja, mteja. Nilitamani niingie chini ya cherehani. Wewe ulicheka mpaka ukakaa juu ya turubai tunalokatia mikoba, ukifuta machozi: "Acha hivyohivyo. Si ndivyo tunavyosema?"

Yaani hata kukosea kwangu nimenyang'anywa.

Jana Doto ameniletea lebo za kushona ndani ya mikoba mipya. Zimeandikwa "Kazi ya Kulwa", basi. Akanishika mkono: "Dada Sabina, tusaidie, jina lake lisipotee." Ningemjibu nini, na uso ule ni wako? Nikasema sawa. Leo tangu asubuhi ninazo mapajani na sijashona hata moja.

Nimekaa nikafikiri, na nitakuambia kitu ambacho ungekuwa hai nisingekuambia. Kukosea kulikuwa kwangu, lakini kuacha kulikuwa kwako. Mimi ningefuta. Ningefuta yote kumi na miwili, nikapaka upya kwa Kiswahili cha shule, na ungekuwa mkoba tu kama mingine. Hilo ndilo linaloniuma kuliko sifa zote wanazokupa, kwamba uliona uzuri kwenye kitu changu wakati mimi nakionea aibu. Na sasa sina wa kunionyesha tena. Sina hata wa kunigombeza. Wiki iliyopita nimeshona mkanda vibaya, nikautazama, nikauacha. Nilikuwa naona uvivu bila kelele zako.

Sitauacha mwingine. Hilo nakuahidi: mkanda usiokaa nitaufumua hata mara kumi, hata kama hakuna anayejua.

Jumapili tukitoka kanisani nitakwenda Kisesa, kwenu. Nitamwambia Doto ukweli, wa kwangu na wa kwako, na lebo zake nitamrudishia. Akilia, tutalia wote. Halafu tutaandika nyingine zenye majina mawili, na langu ndilo litakalotangulia. Usinune huko uliko. Ulimtangulia Doto kuzaliwa, ukanitangulia mimi kufa.

Pumzika, Kulwa. Hili moja niachie.

Sabina