Pepeta Tuliyotwanga na Shemeji

Dada Felista,

Baridi imeingia. Asubuhi ukungu unashuka kutoka milima ya Udzungwa na kukaa juu ya mashamba mpaka watoto wamekwisha kufika shule, na vijana wa bodaboda pale Kibaoni wamevaa makoti ya mitumba yenye kofia za manyoya. Unakumbuka nilivyorudi kutoka Makete, nilikokwenda kuandika habari za viazi vilivyoungua kwa barafu, nikakuambia kwamba hii ya Ifakara si baridi, ni utani. Ulinitazama nilivyokaa, miguu nimeisogeza mpaka kwenye mafiga, ukasema, "Basi toa miguu kwenye utani wangu." Sikuitoa.

Nakuandikia kukupa habari za nyumba yako, kwa sababu nusura ifungwe.

Baada ya arobaini wanao walizungumza, kisha Neema akanipigia simu. Alisema kwa adabu, shikamoo mwanzo na tena mwisho. "Mjomba, baba haoni vizuri. Hawezi kupika. Namleta kwangu Dar, nyumba tutapangisha." Hakukosea. Tangu tukuzike, mumeo Gaspari alikuwa anakunywa chai na mkate wa dukani asubuhi, na jioni anakunywa chai tena, bila mkate. Nikaenda kumuuliza anataka nini. Akasema anataka kukaa kwake. Kisha akarudia, "Kwangu," kama mtu anayemtajia karani jina lake.

Unamjua shemeji yangu, halalamiki. Alipoambiwa kwamba Neema anakuja kumfungia mizigo, alisema tu, "Mpunga wa bondeni bado haujakomaa. Asifike hapa akakosa pepeta."

Nilikaribia kucheka. Nyumba hii haijawahi kupitisha baridi bila pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, lakini aliyekuwa anaitengeneza ni wewe. Mimi kazi yangu ni kuuliza watu maswali, na hilo sikuwahi kukuuliza. Nilikuwa nakula.

Mara ya kwanza tuliharibu. Mpunga tulichagua vizuri, ule wenye punje zilizojaa lakini bado za kijani. Tukaupukuchua, tukaukaanga wote, tukaumwaga kwenye beseni, halafu tukakaa kunywa chai. Ulipokuwa umepoa ndipo tukaanza kutwanga. Punje zilikuwa zimekuwa ngumu, na badala ya kulainika na kubonyea zikavunjika. Kinuni ukatoka unga wenye maganda. Mama Kulwa, jirani yako Msukuma, alikuwa anapitisha ng'ombe zake nyuma ya uzio, akasimama.

"Wazee wangu, mnatwanga au mnaua nyoka?"

Nikamwambia tunajaribu.

"Hicho hata kuku hawali," akasema.

Alisema kweli. Kuku walikuja, wakadonoa, wakaondoka. Gaspari hakuwaona vizuri, akauliza, "Wamekula?" Mama Kulwa akamjibu, "Wamekwenda kukushtaki, baba." Hapo Gaspari akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msibani kwako.

Neema alifika Ijumaa jioni. Alileta begi kubwa, tupu, akaliweka kwenye kiti cha sebuleni. Hakuna aliyeligusa. Tulikula ugali na kambale wa moshi niliowanunua Kivukoni, tukalala.

Jumamosi alfajiri nilimkuta Gaspari amekwisha kuwasha moto. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya jiko. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chako, kikaango cha udongo kiko mafigani. Nikamwambia anipishe, mimi ndiye mwenye macho. "Macho yako ni ya gazetini," akasema. "Shika mchi."

Akatia mpunga kidogo tu, viganja viwili, akaanza kugeuza. Mwanzoni kimya, kisha ukaanza kualika, taratibu, halafu kwa fujo, kama mvua kwenye bati. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, hatazami kikaango kabisa. Milio ya punje ikapungua. Nikachungulia, nikaona bado una ukijani, nikataka kumwambia asubiri.

Akasema, "Twende."

Ni neno lako, Dada. Na sauti yako pia, ile ya kumharakisha mtu bila kumkaripia. Nilishindwa kunyanyua mchi... Akarudia, "Twende, shemeji, unapoa." Ndipo nikamimina, nikatwanga ungali na moto, na punje zikabonyea, pana, laini. Nilipoinua uso alikuwa amekwisha kutia kiasi kingine.

Miaka yote nilidhani pale pembeni yako alikuwa anaota moto tu. Kumbe alikuwa anasikiliza.

Mlio wa kinu ndio ulimwamsha Neema. Alisimama mlangoni, shuka mabegani, akamtazama baba yake muda mrefu. Kisha akachukua mchi wa pili, ule aliokuwa anautumia mlipokuwa mnapokezana, tukatwanga kwa zamu mpaka jua likatoboa ukungu. Yeye ndiye aliyepepeta. Tukala papo hapo jikoni, kwa nazi na sukari, na chai ya tangawizi kali. Alipomaliza kula akaivuta mikono ya baba yake, akaigeuza, akakagua kidole kimoja kimoja. Alikuwa anatafuta alama ya kuungua. Hakuona hata moja.

"Mjomba," akasema, bado ameishika ile mikono, "wewe pale Kibaoni unakaa na nani?"

Nilikuwa nakaa peke yangu; basi nimehamia chumba chenu cha uani. Neema aliondoka Jumapili, begi limejaa pepeta na kambale, na aliyelibeba mpaka kwenye bajaji ni Gaspari.

Sitakudanganya, haikuwa kama yako. Yako ilikuwa inayeyuka. Hii ilikuwa na maganda, na mara mbili nilitaka kugeuka nikuulize tumekosea wapi. Lakini tuliyatema maganda, tukaendelea kula, na sahani zikarudi tupu.

Ninachokuahidi ni hiki: maadamu Gaspari anataka kukaa kwake, atakaa kwake, na kila baridi nitashika mchi atakaponiambia. Mwakani maganda yatapungua. Mama Kulwa ameomba waonjeshwe kwanza kuku wake.

Pumzika, Dada. Miguu yangu iko kwenye mafiga yako, na hakuna anayeniambia niitoe. Naitoa mwenyewe.

Mdogo wako,
Titus