Siku ya Kumhukumu Evariste

Joubert Park, Jumapili jioni

Baba Kelia,

Wewe umelala huko, mimi huku sikaliki. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, nachemsha chai siinywi. Mwanao ananiambia, "Mama, eish, kaa basi," kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Chama chetu cha kuzikana, kile ulichokianzisha mwaka Kombe la Dunia lilipochezwa mji huu, kimenipa kiti chako cha usuluhishi. Nilikataa. Wakasema Mama Kelia ndiye anayejua maneno ya mwalimu. Maneno yenyewe! Ulikuwa ukirudi kufundisha Kifaransa, hata koti hujavua, unaanza habari za wazungu wako wa kale waliogombana na wafalme: kwamba mtawala hakushushwa na Mungu, watu ndio waliomweka, kwamba anayetunga sheria asiwe ndiye anayekamata, wala anayekamata asiwe ndiye anayehukumu. Nami nakucheka, jamani, hiki ni chama cha kununua majeneza, si serikali. Ukanijibu, "Kwetu Burundi nilikimbia nini? Nilikimbia mtu mmoja mwenye rungu na mizani." Ukaitia kwenye katiba yetu: asitolewe mtu bila kusikilizwa, na mtu asihukumu kesi inayomhusu.

Haya, kesi yangu ya kwanza leo ilikuwa ya nani? Evariste. Rafiki yako wa damu, mliyebishana naye sebuleni kwangu mpaka jirani wa chini anagonga dari. Hakuja msibani kwako. Watu walitoka Rosettenville, wakatoka Observatory, hata wasiokujua wakalala na sisi kwenye zulia. Yeye hakutia mguu. Hata salamu hakutuma.

Ukumbi ulikuwa unachemka. "Atolewe! Asiyezika asizikwe!" Mwenyekiti akaniangalia. Lilibaki neno langu tu, na nilikuwa nalo, Baba Kelia, limenikaa kooni tangu makaburini. Nilitaka atoke, aje afe peke yake katika mji huu, akose hata wa kumtupia udongo. Nilitaka hivyo hasa, nisikufiche.

Halafu nikakusikia, na ile sauti yako ya kuudhi: "Aliyekosewa hapa ni nani?" Nikasimama. Nikasema, aliyekosewa ni mimi, kwa hiyo siwezi kuhukumu, wekeni mwingine, na huyu bwana asikilizwe kwanza. Wakaguna. Mama mmoja akasema nimerogwa na vitabu vyako. Nikaenda kukaa benchi la nyuma.

Wakamweka Mzee Rashidi, yule wa Kigoma anayeshona suti. Evariste akaeleza kwamba siku ile alivaa, akafika mpaka kwenye robot, zile taa za magari za kona yetu, akaona watu wamejaa mlangoni pa jengo, miguu ikakataa. Akarudi chumbani akajifungia. Basi! Mimi nilingoja sababu ya maana, polisi, ajali, kitu. Mzee Rashidi akaamua abaki chamani, ila misiba yote ya mwaka huu masufuria ataosha yeye. Akalia kama mtoto. Mimi nilikasirika tu.

Nje Mzee Rashidi akaniambia, "Mama Kelia, sheria imemaliza kazi yake, kilichobaki ni chako." Sasa hapo, mume wangu, mbona hukunifundisha kitu? Wewe na wazungu wako mlipanga mabunge na mahakama na uhuru wa kila mtu, mkamsahau mwanamke mwenye hasira asiyejua aziweke wapi. Sijamsamehe. Nilikuwa na uwezo wa kumnyima kaburi, nikauacha. Usinidai zaidi leo.

Lala, wangu. Nakuahidi kiti chako nitakikalia kwa haki, na muda wangu ukiisha nitainuka bila kusukumwa. Mwisho wa mwezi nakuja kukupalilia kaburi. Na kama nitamkuta Evariste amefika kabla yangu, anasema na wewe, nitasimama pembeni nimsubiri amalize.

Mkeo,
Mama Kelia