Nimemvunja Craig pua

Arlo, nimemvunja Craig pua. Craig wetu, mpiga gitaa! Katikati ya duka la santuri hapa Tacoma, watu wamepanga foleni awasainie santuri.

Si unakumbuka wimbo wetu tulivyoutoa '89, nakala mia tano, dramu napiga mimi? '92 wakaurekodi upya, Todd kwenye dramu, ukavuma dunia nzima bila mimi. Nikameza uchungu.

Leo wametoa tena ile rekodi ya kwanza. YA KWANZA, Arlo! Nageuza jalada, naona: "Dramu: Todd."

Nikamwambia Craig, "We mshenzi, Todd alikuwepo?"

"Kampuni ndiyo imekosea, Lonnie. Hebu itoe santuri uitaz—"

Sikumwacha amalize. Ngumi ya uso. Akaangukia rafu, nikamfuata na ya pili. Damu mpaka kwenye majalada.

Na bado anasema, "Itazame santuri."

Sasa niko kwenye gari, mkono umevimba. Nimeitoa santuri kwenye jalada. Unajua tulivyokuwa tunakwaruza maneno karibu na lebo, kwenye santuri mama, kabla hazijachapwa nyingine? Craig kakwaruza, kwa mwandiko wake ule mbovu:

"Dramu ni Lonnie. Siku zote Lonnie."

Ziko hivyo zote, Arlo, dukani kote. Na ile ngumi ya pili nilimpiga akiwa chini.