Kicheko kile hakikuwa cha mama yake

Kalemie, siku ya Mungu, kiisha misa

Kwako Mama Kabwe, mwenye nyumba yangu kule Pepa,

Jambo, Mama. Jambo tena. Umeamkaje na baridi ile ya mulima? Mugongo unakuacha ulale ao ungali unakukeshesha? Na yule ng'ombe mweusi mwenye pembe moja, amezaa? Hapa jua ni kali na upepo wa ziwa unaleta harufu ya ndagala mpaka ndani ya shuka. Lakini niko muzima. Ukiniona utasema ni kijana.

Naandika kwa mukono wangu mwenyewe, usiamini mutu akisema nimeandikiwa. Masomo niliyaacha ningali mudogo, lakini hapa kuna wenye diplome ambao hawawezi kujaza ukurasa moja bila kuuliza jirani. Kama herufi zinapanda na kushuka sawa barabara ya kwetu, kosa ni la meza.

Kazi inaendelea. Ng'ombe wakishuka toka kwetu na kamyo, njo mimi wananiita. Naangalia jino, nashika mukia, nasema huyu mugonjwa, huyu hapana. Hata munganga wa wanyama, mutu wa kusoma, ananiuliza, "Papa, wewe unaonaje?" Namuambia, naye anaandika.

Basi. Si hiyo iliyonikalisha chini na biro. Naandika juu ya Kisimba, mujukuu wetu, mwenye jina langu. Usome kwanza peke yako, polepole. Kiisha umuite mama yake umusomee, mulango ukiwa umefungwa. Kwa telefoni sikuweza. Telefoni ya jirani kila mutu anaisikia, na tena kuna maneno ambayo baba mukwe hawezi kumutia mukamwana wake ndani ya sikio.

Nianze na habari njema. Kisimba anakaa. Wewe ulishuhudia ginsi alivyozaliwa: alichelewa kulia, na tangu pale shingo ikabaki ya mutoto muchanga hata wenzake walipoanza kufukuza kuku. Leo anakaa katikati ya miguu yangu, mugongo kwenye tumbo langu, na nikisuka kamba za ng'ombe anashika ncha moja. Anavuta. Nikiacha kusuka anapiga kelele. Bukari, ugali wetu, tunamufinyangia tonge ndogo, anaipeleka kinywani na mukono wake wa kuume. Nusu inaenda kwenye sikio, lakini ni yeye anayeipeleka.

Sasa nikuambie tulifikaje hapo, kwa maana kuna pahali mimi nilikosa.

Siku ile nilipomutoa Pepa, nilisema mbele ya watu wote kwamba ndama asiyesimama unamutenga na mama yake, unamukandakanda, unamulisha kwa mukono, naye anasimama. Nilisema, "Nimesimamisha ndama wangapi? Huyu nitamurudisha anakimbia." Wewe ulisema, "Baba Kabwe, mutoto si ndama." Nikakuambia unyamaze. Mama yake alipiga magoti nyuma ya nyumba, pahali haya ya mukwe inamuruhusu. Nilisikia analia nikafanya kama ni kuku.

Hapa Kalemie nilimupeleka kwenye santa, kituo cha watoto wenye viungo dhaifu. Wakasema mama mumoja atakuwa anakuja nyumbani. Anaitwa Mama Feza, mutu munene, wa kucheka ovyo, anapanda pikipiki anashikilia kofia. Nilifagia. Nilifikiri ataleta mashini ao sindano. Alikuja mikono mitupu, akavua viatu, akakaa kwenye mukeka.

"Papa, mutoto anakula na nani? Anaoga saa gani? Nini inamuchekesha?"

Nikamuambia, "Mama, nilileta mutoto atengenezwe. Sikuleta maisha yangu ichunguliwe."

Akacheka. "Na mama yake iko wapi?"

"Pepa, na ng'ombe."

"Basi mimi nitafundisha nani?"

"Ufundishe mutoto. Si yeye mugonjwa?"

"Papa, mimi na huyu mutoto tutaonana saa moja kwa juma. Zile saa zingine zote, iko mikononi mwa nani?"

 Mama Sifa, jirani anayekausha ndagala nyuma ya ukuta wetu, njo alijibu, kichwa juu ya ukuta: "Iko mikononi mwa huyu muzee mwenye mudomo, na mimi nikiwa na nafasi!"

Basi akatufundisha sisi wawili. Hakuna dawa. Kumuogesha njo dawa, kumuvalisha njo dawa. Namna ya kumubeba ili miguu isisokotane. Namna ya kushika chakula mbele yake na kungoja, kungoja mpaka yeye mwenyewe atake, kwa jicho ao kwa mukono. Kungoja kule kulinishinda. Mimi si mutu wa kungoja. Mama Feza ananipiga kwenye kiganja: "Papa, umemuibia zamu yake tena!" Lakini leo nakuambia bila kujisifu, wababa wote wa kartie hii hakuna anayeshika mutoto sawa mimi. Wamama wananitumia watoto wao nionyeshe.

Kila akija Mama Feza anauliza mama ya mutoto anafika siku gani. Kila akiuliza namujibu habari ya ndama. Siku moja akaniambia, "Papa, mimi ni mutu wa ziwa, sijui ng'ombe. Sema kweli."

Nikasema kweli. Wewe unaijua, Mama, hata kama hatukuitamka. Ni bukwe, ile miiko ya mukwe na mukamwana. Kule kwetu palaseli, kiwanja cha nyumba, ni kubwa, nakohoa kwenye mupaka wa mihogo na mukamwana anapita nyuma, tunaishi miaka hatujakutana macho. Hapa nina chumba kimoja na baraza. Choo kimoja. Kabwe, mutoto wetu, iko Manono kwenye machimbo, haonekani. Mimi nitalala wapi na yeye alale wapi? Tutapishana wapi? Mama Feza anataka tukae mukeka moja, nimupe mutoto mukononi, anirudishie mukononi. Mimi, mukono kwa mukono na mukamwana wangu! Baba yangu angefufuka akanifukuza. Njo maana nilimuacha mama nikabeba mutoto. Ndama alikuwa neno la kusema mbele ya watu.

Mama Feza hakucheka siku ile. Akasema, "Hata mimi ni mukamwana wa mutu, Papa, naijua haya hiyo. Ni heshima. Lakini heshima yenu wakubwa, mutoto njo anailipa." Nilimuambia saa yake imekwisha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Unakumbuka ile siku mulipiga kwa telefoni ya mwalimu, mimi nikaweka sauti kubwa. Kisimba alikuwa katikati ya miguu yangu. Mama yake akaita, "Kisimba! Kisimba wa mama!" Zamani, wakati tulipofika hapa, akisikia sauti ile alikuwa anapiga miguu, shingo inatafuta. Siku ile hakugeuka. Aliendelea kuvuta kamba. Mama yake akaita tena, akaimba kale kawimbo ka kumulaza. Mutoto kimya.  Nikamugeuza kichwa kwa mukono wangu kuelekea telefoni, kama mutu anayegeuza pembe ya ng'ombe. Hapana.

Pale pale Mama Sifa akatokea mulangoni na sahani ya ndagala, mikono nyeupe ya magamba. Kisimba akamuona. Akacheka, Mama. Kile kicheko chake cha kupanda juu, cha kukata pumzi, mwili wote.

Na nyinyi kule mukasikia.

Mama yake akapiga kelele, "Amenijua! Amenijua!" Na wewe ukapiga vigelegele, mwalimu naye akacheka. Mama Sifa alisimama na sahani yake, akaniangalia. Mimi nikasema kwenye telefoni, "Eeh, amekujua." Mudomo huu wangu. Mama Sifa akaweka sahani chini akaenda zake bila hata kunichokoza, na huyo ni mutu asiyepitisha siku bila kunichokoza.

Nilijiambia, nimemupa mwanamuke furaha, kosa liko wapi? Kiisha dereva wa kamyo ya maharagi akashuka na salamu zenu. Anasema Pepa muzima unaongea namna Kisimba alivyojua sauti ya mama yake. Anasema mukamwana ambaye kila mara alikuwa anakuomba nauli ya kushuka, sasa ametulia. Amesema, "Kama ananijua hivi, basi baba mukwe anamutunza vizuri. Nitavuna kwanza, nitangoja mwaka upite."

Dereva alifikiri ananiletea sifa. Mimi kamba ilinianguka.

Nikamueleza Mama Feza. Nilifikiri atanikaripia.  Akasema mutoto hajamukataa mama yake, bado mudogo, anajifunza dunia kwa mikono inayomushika kila siku, na mikono ni yangu na ya Mama Sifa. Akasema yote tuliyomufundisha, kukaa, kula, kuomba kwa jicho, ni sawa njia inayoelekea kwa mutu. Akasema, "Isielekee kwa jirani, Papa. Mimi sikufanya kazi hii ili Mama Sifa apate mutoto." Na kwamba siku mama akifika hatamukuta yule aliyemuacha, atakuta mutoto anayemulilia jirani, na yeye hatajua hata namna ya kumubeba. Kila mwezi unaopita unakuwa muzito zaidi.

Mama, mimi sijazoea maneno haya. Sisemi kwamba ulinishinda. Nasema tu kwamba ulisema, na mimi nilisikia, na nilikunyamazisha mbele ya watu. Nilichukua mutoto kutoka mugongoni mwa mama yake ili kulinda haya yangu, kiisha nikamupa mama huyo kicheko kisicho chake ili anyamaze. Ngozi yangu ni ngumu, lakini hii imeingia.

Sasa mufanye hivi. Umuambie kweli. Kicheko kile kilikuwa cha Mama Sifa na ndagala zake. Atalia, umuache alie. Usimufundishe kunisamehe, hiyo ni kazi yake. Umuambie tu asingoje mavuno. Maharagi ndugu yangu Mumba atavuna, na kama ananung'unika, umukumbushe nani alimufundisha kushika jembe. Yeye, mama ya mutoto, ashuke na kamyo itakayofuata hii inayoleta barua.

Habari ya bukwe nimeimaliza. Umukamate kuku, yule jogoo mwekundu, si kale kagonjwa, umuchinje, ukae na mukamwana mukule pamoja kwa jina langu, kama wazee walivyofanya walipotaka kuondoa haya kati ya mukwe na mukamwana. Padri wa kule akiuliza, umuambie ni chakula tu. Mimi hapa nitakula wangu siku atakayofika, mbele yake, kinywa wazi, aone hata meno yaliyobaki. Nitalala kwa bwana ya Mama Sifa, anakoroma lakini ni mutu wa Mungu. Chumba ni chake na mutoto. Asubui nitakohoa mulangoni, nitaingia, nitakaa kwenye mukeka. Mama Feza akisema umupe mutoto mukononi, nitamupa. Nitaangalia ukuta, lakini nitamupa.

Nitamuonyesha yote niliyojifunza. Hiyo naijua vizuri, usione aibu juu yangu.

Kitu kimoja kinaniogopesha: siku atakaposhuka kwenye kamyo, anyooshe mikono, na mutoto ageuze uso kwangu. Nimekuwa nalilia kupendwa na mutoto huyu, na sasa naomba siku ile asinipende sana.

Unisalimie Mumba, ndugu yangu mwenye kuangalia zizi. Unisalimie dada yangu Kalunga, umuambie muguu wake asiukande na moto. Umusalimie mwalimu mwenye telefoni, lakini usimueleze kitu. Na mama wa huyu mwenye jina langu, umusalimie kwa kinywa chako. Mimi nitamusalimia kwa kinywa changu, mara ya kwanza.

Mungu akulinde na baridi.

Ni mimi bwana yako, Papa Kabwe, Kisimba mukubwa.

Dereva anapiga honi, lakini angoje. Mama, kile kikwembe alichokuwa anamubebea Kisimba mugongoni, umupe dereva huyu akirudi akilete mbele, kabla mwenyewe hajaja. Nitamulalisha mutoto juu yake kila siku. Mama Feza anasema pua ya mutoto haisahau upesi. Mungu asifiwe.