Yasmini Chini ya Ardhi

Jumapili, 15 Aprili

Sasa tumekwisha. Sanaa inashuka kwenye metro! Ndivyo linavyosema tangazo alilokuja nalo Hamdane, kalibana kwapani kama mkate. Mwezi wa Urithi, kila alasiri, kituo chetu cha treni cha sokoni, kule chini ya ardhi: mashairi, picha, maigizo bubu, muziki. Na nani atapiga muziki? Yeye! Mume wangu, mstaafu wa forodha, ambaye akiimba bafuni hata maji yanakatika.

Nikamuuliza nani kamdanganya kwamba ana sauti. Akasema Arezki, rafiki yake. Arezki mwenyewe ana banjo ya kurithi na masikio ya kuazima.

Leo anasukutua kwa asali na ndimu. Shati jeupe limetolewa sandukuni. Mtu mzima hovyo.

Jumatano, 18 Aprili

Nimepita kituoni nikitoka sokoni, kikapu kimejaa maharage mabichi. Sikwenda kutazama. Njia ni ile ile.

Ee Mola, vituko! Picha za Kasba, mji wetu mkongwe, zimetundikwa kati ya tangazo la sabuni na tangazo la simu — za sabuni zimechorwa vizuri zaidi. Kijana kajipaka chokaa usoni anasukuma ukuta usiokuwepo, na abiria wanamsukuma yeye. Mshairi kavaa skafu, joto lote hili! Kila akifika kwenye neno lenye machozi, treni inaingia, analimeza.

Mkubwa mmoja mwenye tai kahutubia. Sanaa lazima imfuate mwananchi alipo. Mwananchi alikuwa anakimbia.

Mama mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake: "Mie nimechelewa kwa mwanangu, hawa wananizibia njia kwa beti!" Nikataka kumbusu.

Anayeendesha shughuli yote hii ni binti mmoja, Amel, miwani mikubwa, kitambulisho shingoni, anatabasamu kama analipwa kwa kila jino. Hamdane alikuwa kando yake, anapeana mikono na watu. Kaniona. Kajifanya hakuniona — nilikuwa na kikapu, yeye msanii.

Ijumaa, 20 Aprili

Nitaandika yote.

Baada ya kula kuskusi, Arezki kaja na banjo wakakaa sebuleni kufanya mazoezi. Mimi jikoni, nasugua sufuria. Bi Zineb, mama mkwe, chumbani kwake na tasbihi, mlango wazi ili asikose kitu. Umri umemla miguu, masikio umemwachia.

Hamdane akaanza:

Yasmini wa uani, nani kakwambia unukie?
Mlango tumeufunga, ukuta umeuruka.
Nukia, kipenzi changu, nukia.

Sufuria ikaniponyoka.

Huo ni wimbo wa mama yangu. Si wa kale, si wa mtaani. Wa Baya, mwimbaji wa harusi za wanawake, aliyepiga tari mpaka vidole vikawa vigumu kama kwato. Alinitungia mimi. Na hakuna kipenzi humo! Ni "nukia, binti yangu, nukia." Mwanamume huyu kamgeuza binti akawa hawara!

Kaupata wapi? Najua. Nilikuwa nikimbembeleza nao mwanetu, humu humu jikoni, mlango umefungwa, sauti ya chini kama mwizi. Kwa sababu nyumba hii haikuruhusu wimbo. Bi Zineb alisema siku ya posa, mbele ya watu: binti wa mpiga tari tutamchukua, tari ibaki kwao. Hamdane alikuwa amekaa pale pale. Akanywa kahawa yake. Harusi yetu wakaleta kundi jingine la waimbaji, na mama yangu akaalikwa kama mgeni yeyote.

Kumbe Hamdane alikuwa nyuma ya ukuta, anasikiliza! Miaka yote ile anachota, na hakusema hata "umeimba vizuri."

Na leo Bi Zineb kapaza sauti toka kitandani: "Mashallah mwanangu, una koo la dhahabu!"

Mwanamume akiimba, koo. Mwanamke akiimba, aibu.

Jumamosi, 21 Aprili

Nimemsubiri anywe kahawa.

"Wimbo ule umeutoa wapi?"

"Upi? Wa yasmini? Aa, wa zamani huo. Wa watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, Keltoum! Wimbo wa kale hauna mwenyewe."

Hauna mwenyewe! Kayasema hayo macho yake yakiwa kwenye kikombe. Nikamwambia kikombe hicho kina mwenyewe, na nikakiondoa, kahawa na yote. Akabaki vidole hewani.

Baadaye kajaribu kucheka. Eti nina wivu wa bure, eti anaupa wimbo heshima, watu wengi watausikia. Heshima! Mtu akiiba kuku akamtembeza mjini, eti kamheshimu.

Jumanne, 24 Aprili

Wamebandika ratiba kituoni, kubwa, karibu na mashine za tiketi. Alhamisi: Hamdane na Arezki. "Yasmini wa Uani — wimbo wa kale, mtunzi hajulikani."

Nikamtafuta Amel. Alikuwa anapigana na waya.

"Binti, mtunzi anajulikana. Anaitwa Baya. Ni mama yangu."

Akafurahi kweli, miwani ikamteleza. "Shangazi, hii ni hazina! Una chochote? Kanda? Karatasi? Picha yake akiimba?"

Picha! Nani alimpiga picha mpiga tari? Waliokuwa na kamera waliwapiga picha maharusi. Mama hakujua kuandika hata jina lake. Nikamwambia karatasi ni mimi hapa.

Akauma mdomo. Akasema anaamini, wallahi anaamini, ila ratiba imekwisha kuchapwa, na Ami Hamdane mwenyewe ndiye aliyesema mtunzi hajulikani. Kisha: "Kwa nini usije ukaimba wewe, shangazi?"

Mimi! Katikati ya kijana wa chokaa na mshairi wa skafu! Nikamjibu nina maharage jikoni. Nikaondoka. Kwenye ngazi za umeme nilikuwa nimeiva uso kama nyanya, na kila mtu aliyekuwa anapanda niliona ana uso wa kijinga.

Alhamisi, 26 Aprili

Naandika haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Nilikwenda. Nilisimama nyuma ya nguzo, jilbabu langu la kila siku, sikujipamba. Nilitaka kumwona akiaibika. Hiyo ndiyo kweli yake.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, maana treni zilikuwa zinachelewa. Amel anadhani wamekuja kwa ajili ya sanaa. Mwache. Wengine wamekaa juu ya mifuko yao. Mzee mmoja anamenya chungwa. Hamdane akatoka na shati jeupe, nywele kazipaka mafuta, kashika maikrofoni kama mtu aliyeshikwa na polisi.

Akaimba. Na kibaya zaidi — hakuimba vibaya. Vigae vya kituo vinasaidia; mle hata kikohozi kinapata mwangwi. Watu wakageuza shingo. Yule mwenye chungwa akaacha kumenya. Nami nikamdharau zaidi, kwa sababu kila pumzi aliyovuta aliivuta mahali alipovuta mama yangu. Alikuwa ameusikiliza wimbo ule sawasawa, mwizi huyu.

Akafika: "Nukia, kipenzi changu—"

"BINTI!"

Ni mimi. Sikujua kama ni mimi mpaka sauti iliponirudia toka ukutani.

"Ni binti yangu! Binti! Kama unaiba, iba vizuri!"

Kicheko kituo kizima. Simu zikainuliwa. Arezki akaacha banjo katikati. Hamdane akanitazama, mdomo wazi, na ule mdomo nimeuona maisha yangu yote ukiwa na kahawa ndani.

Kijana mmoja akapiga mluzi: "Haya bibi, tuimbie basi, unajua zaidi!" Wenzake wakamcheka Hamdane — babu kafumwa na mkewe. Walimcheka vibaya. Nami sikupenda. Kumdharau ni kazi yangu, sijaigawa kwa mtu.

Amel akaja mbio na maikrofoni. Nikaisukuma. Mama aliimba kwenye nyua zenye wanawake na watoto wanaolia, bila kitu cha kuchomeka kwenye umeme.

Nikaimba ubeti wa tatu. Ule ambao sikuwahi kuuimba jikoni, hata kwa kunong'ona. Mama aliutunga baada ya harusi yangu, akaniimbia mara moja nilipokwenda kumzuru, kisha akaenda kuchota maji kama hakusema kitu.

Siku waliyokupamba, nilikaa na wageni,
mikono mapajani, kama sijui kupiga.
Nukia, binti yangu, nukia.

Sauti ilikatika kwenye "mapajani." Nikaishika tena. Treni ikaingia, milango ikafunguka, nikaendelea juu ya kelele zake. Wachache walipanda. Wengi hawakupanda.

Sikumwangalia Hamdane mpaka mwisho. Maikrofoni ilikuwa imemshuka mpaka kwenye paja. Alikuwa analia? Sijui. Ana mafua ya msimu kila Aprili. Sitamtungia machozi.

Watu wakapiga makofi. Vigelegele vya wanawake, mle chini, kwenye taa zile kama za hospitali! Yule mwenye chungwa akanipa kipande. Nikala. Kilikuwa kichachu.

Nimerudi nyumbani peke yangu.

Ijumaa, 27 Aprili

Asubuhi Hamdane kaenda kusali, karudi, kakaa sebuleni na kiatu kimoja mguuni.

Amel kapiga simu. Kabandika karatasi juu ya ratiba: Baya. Jina tu, kwa kalamu ya wino mzito. Kesho wanafunga shughuli za wiki hii, anataka nije. Nikamwambia nitafikiri. Eti watu elfu wameshatazama video. Nikamwuliza wangapi kati yao wamecheka. Akasema ni wengi. Angalau hasemi uongo, huyu binti.

Sasa Arezki kaja. Bila kualikwa, na banjo, na ngoma ya dumbaki ya jirani. Naandika kwenye meza ya jikoni, kuskusi iko kwenye mvuke. Kaingia mpaka huku jikoni — hajawahi — na hakumwuliza Hamdane. Kaniuliza mimi.

"Shemeji, mama yako alikuwa anaanzia wapi? Juu au chini?"

Fimbo ya Bi Zineb ikagonga ukuta. "Hamdane! Hamdane! Huyo Arezki anataka nini jikoni? Watu wanasema nini kuhusu mkeo? Njoo hapa!"

Hamdane kainuka. Kapita mlangoni pangu, kiatu kimoja, hakunitazama. Kaingia kwa mama yake, kafunga.

Namsikia yeye anasema. Maneno hayafiki. Anasema muda mrefu, kwa sauti ya chini, kisha mama yake anasema, kisha yeye tena, juu kidogo. Sijawahi kusikia akipandisha sauti mle ndani. Anaweza kuwa anaomba radhi kwa niaba yangu. Ninavyomjua siku zote, hilo ndilo ninalolitegemea.

Arezki ananingoja, kidole juu ya uzi, uso wa mtoto aliyevunja kitu.

Nimemwambia ashushe kidogo. Ijumaa sauti yangu ni nzito.

Kule chumbani fimbo haijagonga tena. Hakuna aliyetoka. Arezki kaanza kupiga.