Nilikopitia Mugoma

Mdogo wangu Veneranda,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla ya kusoma. Huku Ngara, nilikoletwa na shirika la wakimbizi kama balozi wao wa hisani, mvua haikomi, maharage yana mawe, na dereva ananiita Mheshimiwa Balozi huku akinishusha nitembee kwenye tope na mkongojo.

Jana kambini mzee mmoja, mkimbizi kutoka Burundi, alinishika mkono mbele ya wajukuu zake. Ndiye niliyemshinda ujanani, alipovuka mpaka kushindana nasi katika zile mbio za Mugoma zilizonipatia nafasi ya kusomea sheria.

"Jaji, waambie ulipitia wapi. Hawa wananiita mwongo."

Nilikasirika. "Mzee mwenzangu, tutazungumza faragha."

Akacheka. "Siku hizi hukumu mnasomea faragha?"

Veneranda, nilikatiza kwenye migomba. Yeye aliifuata barabara yote. Nimekaa kiti cha jaji hadi ng'ambo, nikafunga watu kwa udanganyifu mdogo kuliko huo, na daktari ameshaniambia sina muda mrefu.

Kesho narudi kuwaambia wale watoto, dereva anune asinune. Nimekuandikia leo ili nisiweze kughairi.

Jifunike vizuri, baridi isikuingie kifuani. Nakupenda sana.

Kaka yako,
Deogratias